Mazoezi salama kwa mwanamichezo mwenye thairoidi iliyozidi kasi: mwongozo kwa wachezaji wa Mtwara na Lindi

Mchezaji wa mpira au mkimbiaji amezoea kuamini kwamba moyo unaokwenda mbio, jasho linalotiririka na uzito unaopungua ni dalili za mazoezi yaliyokolea. Tezi ya thairoidi inapotengeneza homoni kupita kiasi, dalili hizohizo hujitokeza hata mtu akiwa ameketi kivulini, na kwa sababu hiyo mwanamichezo anaweza kuugua kwa miezi kadhaa bila yeye wala kocha wake kushtuka. Huku kwetu sababu za kujipa ni nyingi: wakati wa kaskazi tunalaumu joto, mwezi wa Ramadhani tunalaumu funga, na msimu wa korosho tunasema kijana amechoka na kazi ya shamba.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha kupimwa na kuambiwa ana ugonjwa huu, au anayesubiri majibu, na ambaye hataki kuacha mchezo wake. Hauchukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kukuonyesha uamue nini kila asubuhi kati ya kliniki moja na nyingine, kwa kuwa siku nyingi daktari hayupo uwanjani na hisia za mwili wako, ulizozitegemea miaka yote ya mchezo, kwa sasa haziaminiki.

Kwanza, fahamu kinachotokea mwilini

Thairoidi ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hutoa homoni mbili, T4 na T3, ambazo ndizo zinazoamua mwili utumie nishati kwa kasi gani. Tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huiamuru thairoidi kwa homoni nyingine iitwayo TSH. Homoni za thairoidi zikizidi, pituitari hunyamaza, na hii ndiyo sababu majibu ya mgonjwa kwa kawaida huonyesha TSH iliyo chini sana pamoja na T4 au T3 iliyo juu. Chanzo kinachojulikana zaidi ni ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili yenyewe huichochea tezi. Vyanzo vingine ni vinundu vinavyotoa homoni bila kusikiliza amri, uvimbe wa tezi ambao mara nyingi hutulia wenyewe, na umezaji wa vidonge vya homoni ya thairoidi bila sababu. Muulize daktari wako chanzo ni kipi, maana matibabu na muda wa kurudi mchezoni hutegemea jibu hilo.

Kwa mwanamichezo madhara yako sehemu nne. Moyo hupiga kwa kasi hata wakati wa kupumzika, kwa hiyo unapoanza kukimbia unakuwa umekwisha kutumia sehemu kubwa ya uwezo wake, na kwa wengine huanza kupiga bila mpangilio, hali inayoweza kuleta kiharusi. Mwili huzalisha joto jingi kuliko kawaida. Misuli hutumia upesi akiba yake ya wanga na kisha huanza kujila yenyewe, hasa misuli ya mapaja na mabega, ndiyo maana mchezaji aliyekuwa akiruka vichwa bila shida huanza kushikilia meza anapoinuka kwenye kiti. Mifupa nayo hupoteza madini, na mfupa dhaifu hupata nyufa kwa mizigo ambayo zamani uliimudu.

Hatua ya kwanza: pata majibu kabla ya kugusa mpira

Usirudi mazoezini kwa sababu tu umeanza kujisikia nafuu. Unahitaji kuwa na majibu ya TSH na T4 huru (ile T4 isiyoshikwa na protini za damu), na ikiwezekana T3, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Wakazi wa mjini Mtwara wanaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula au ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Walioko Masasi wana Ndanda. Walioko Lindi wana Sokoine na Nyangao. Kabla ya kupanda gari kutoka kijijini, ulizia kama maabara husika inapima homoni papo hapo au inatuma sampuli kwingine, na majibu yatachukua siku ngapi. Swali hili dogo huokoa nauli.

Kama unatumia virutubisho vya nywele, kucha au misuli vyenye biotini, mwambie mtu wa maabara na uviache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, kwa sababu biotini huweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya homoni na kumfanya mtu mzima aonekane mgonjwa au mgonjwa aonekane mzima.

Hatua ya pili: simamisha mazoezi makali, si mwili wote

Homoni zikiwa bado juu, hakuna mbio za kasi, hakuna mchakamchaka wa kushindana, hakuna kunyanyua vyuma vizito na hakuna mechi za ndondo. Hapa sitoi nafasi ya kujadiliana. Nimesikia hoja kwamba jasho litatoa sumu au kwamba pumzi itapotea kabisa, na zote mbili hazina msingi: mazoezi hayapunguzi homoni za thairoidi, na pumzi iliyopotea kwa miezi miwili hurudi. Moyo uliokwisha kudhurika ni habari nyingine.

Kinachoruhusiwa, endapo daktari hakukataza na mapigo yako yako ndani ya viwango vitakavyoelezwa hapa chini, ni kutembea polepole kwenye tambarare, kunyoosha viungo, na mazoezi ya kupumua. Mwenye macho yaliyovimba au kuchomoza kwa sababu ya Graves aepuke mazoezi ya kuinamisha kichwa chini kwa muda mrefu, avae miwani dhidi ya upepo na mchanga, na kama anavuta sigara aache, kwa sababu sigara huyazidisha matatizo hayo ya macho.

Hatua ya tatu: hesabu mapigo kila asubuhi

Nikiambiwa nichague jambo moja tu katika mwongozo huu, nitachagua hili. Tafuta daftari la kawaida la shule. Unapoamka, kabla hujainuka kitandani na kabla hujashika simu, weka ncha za kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4, kwa kuwa moyo usio na mpangilio hujificha katika hesabu fupi. Andika tarehe, idadi, kama mapigo yalikuwa sawasawa au yalirukaruka, saa ulizolala, na dawa ulizomeza jana. Jipime uzito mara moja kwa wiki kwa mizani ileile.

Hapa kuna jambo linalowapita hata baadhi ya wahudumu wa afya. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima anayepumzika ni mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, lakini mkimbiaji aliyezoezwa vizuri anaweza kuwa na 50 au chini ya hapo akiwa mzima kabisa. Mkimbiaji wa namna hiyo akifika kliniki na mapigo 88, kwenye karatasi ataonekana hana tatizo, ilhali moyo wake unafanya kazi ya ziada kubwa. Kama unakumbuka idadi yako ya kabla ya kuugua, itaje. Hakuna mtu mwingine anayeijua.

Baada ya kuhesabu, amua hivi. Mapigo yakizidi 100, siku hiyo hakuna mazoezi, na yakiendelea hivyo kesho yake wasiliana na kliniki. Yakizidi wastani wa wiki yako kwa 10 au zaidi, tembea tu, na ujiulize kama ulisahau dawa, ulilala vibaya au una homa. Yakirukaruka bila mpangilio, usifanye zoezi lolote na nenda ukapimwe umeme wa moyo siku hiyohiyo hata kama hujisikii vibaya.

Hatua ya nne: jua dawa zako zinavyougusa mchezo

Dawa inayoandikwa mara nyingi ni kabimazoli, ambayo huizuia tezi kutengeneza homoni mpya. Haifanyi kazi kwa siku moja, kwa sababu homoni zilizokwisha kutengenezwa zingali ndani. Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa, mara nyingi 4 hadi 8, kabla ya majibu ya damu kukaa sawa, na katika ugonjwa wa Graves matibabu kwa vidonge huendelea kwa miezi 12 hadi 18. Mwanzoni damu hupimwa kila baada ya wiki 4 hadi 6. Mwanamke mwenye mimba au anayetarajia kushika mimba amweleze daktari mapema, kwa kuwa kabimazoli katika miezi ya kwanza ya ujauzito inaweza kumdhuru mtoto, na huenda akabadilishiwa dawa.

Dawa hii ina hatari moja adimu ambayo mtu wa Kusini anapaswa kuielewa kuliko mtu wa nchi za baridi. Kwa wagonjwa wachache hushusha ghafla chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, na dalili zake ni homa, maumivu ya koo na vidonda mdomoni. Katika mikoa yetu homa hutafsiriwa mara moja kuwa malaria. Mtu hununua dawa ya mseto dukani, akalala, akasubiri. Unayetumia kabimazoli usifanye hivyo. Homa ikija pamoja na koo kuuma, simamisha vidonge, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, pima malaria kama kawaida, lakini sema kwa sauti kwamba unatumia dawa ya thairoidi na unaomba hesabu kamili ya chembe za damu. Kipimo cha malaria kikionyesha unayo, bado omba hesabu hiyo.

Dawa ya pili ni propranololi, inayotuliza mapigo na mitetemeko ya mikono wakati kabimazoli ikisubiriwa kufanya kazi. Mwenye pumu hapaswi kuitumia, hivyo itaje pumu yako hata kama hujabanwa kwa miaka. Kwa mwanamichezo dawa hii ina mtego: huyashusha mapigo bila kuziondoa homoni, kwa hiyo idadi ya asubuhi huonekana nzuri kuliko hali halisi, na wakati wa mazoezi saa ya mkononi haitakuonyesha umejichosha kiasi gani. Ukiwa unaitumia, jipime kwa maneno. Ukiweza kuongea sentensi nzima na mwenzako huku mnatembea au mnakimbia pole, kasi inafaa. Ukikata sentensi katikati kutafuta pumzi, punguza. Usiiache ghafla kwa hiari yako, kwa sababu moyo unaweza kuruka juu kwa kishindo.

Hatua ya tano: chagua saa, mahali na msimu

Mwambao wetu una joto lenye unyevu, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Hata mtu mwenye afya husumbuka. Mwenye homoni zilizozidi, ambaye tayari anazalisha joto la ziada, huweza kuzidiwa ndani ya muda mfupi. Toka kabla ya saa 1 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Kuanzia Novemba hadi Machi punguza muda uliopanga. Kipindi cha kusi, Juni hadi Agosti, ndicho kinachofaa zaidi kwa kuanza upya, na kama matibabu yako yanaruhusu kuchagua, anza hapo.

Ukitembea ufukweni, kwa mfano Shangani mjini Mtwara, subiri maji ya kupwa na upite kwenye mchanga mgumu. Mchanga laini wa juu huchosha mapaja maradufu, nayo ndiyo misuli iliyodhoofika. Wakazi wa Newala na Tandahimba, juu kwenye uwanda wa Makonde, wana hewa yenye nafuu lakini wana miinuko na barabara za mchanga, kwa hiyo watafute kipande cha tambarare na kukirudia. Usitoke peke yako. Vikundi vya jogingi ni vizuri kwa hilo, ila kaa nyuma pamoja na wanaotembea, na usikubali kuvutwa na nyimbo hadi ukajikuta mbele.

Hatua ya sita: panda ngazi moja baada ya nyingine

Kaa kwenye kila ngazi angalau wiki 2, na ushuke ngazi moja daftari likionyesha mapigo ya asubuhi yamepanda.

Ngazi ya kwanza ni kutembea dakika 15 hadi 20, mara 3 au 4 kwa wiki, wakati dawa zimeanza kufanya kazi na daktari amekubali. Ngazi ya pili ni kutembea dakika 30 hadi 40 na kuongeza mazoezi mepesi ya nguvu: kuchuchumaa nusu huku umeshika kiti, pushapu za ukutani, kupanda na kushuka kigazi kimoja. Mazoezi ya nguvu ni ya muhimu kuliko wachezaji wengi wanavyodhani, kwa sababu misuli iliyoliwa na ugonjwa hairudi kwa kukimbia tu, na huchukua miezi hata baada ya homoni kukaa sawa. Jipime mara kwa mara kwa kusimama kutoka kwenye kiti mara 5 mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Kama bado unahitaji kujisukuma kwa mikono, miruko na mbio za mlimani zisubiri.

Ngazi ya tatu haifunguliwi kwa hisia. Inafunguliwa na majibu ya damu yanayoonyesha T4 na T3 zimerudi katika kiwango cha kawaida. TSH huweza kubaki chini kwa miezi zaidi, na daktari anaweza kukuruhusu hata hivyo. Hapo ndipo unapokimbia pole dakika 1 na kutembea dakika 2, ukirudia mara 8 hadi 10, na kuongeza muda wa kukimbia kidogo kidogo. Ngazi ya nne ni mazoezi ya timu bila kugombania mpira. Ya tano ni mechi, ukianzia benchi na kuingia dakika 15 au 20 za mwisho. Kocha anayekutaka ucheze dakika 90 katika mechi ya kwanza aonyeshwe daftari.

Baada ya kila zoezi, keti kivulini dakika 10 na uhesabu tena. Kama mapigo bado yamezidi 100, zoezi la leo lilikuwa zito, na la kesho kutwa lipunguzwe theluthi moja.

Hatua ya saba: chakula, vinywaji na funga

Mwili huu unakula zaidi ya kawaida, hivyo usipunguze chakula. Ongeza protini kwa samaki, mayai, kunde, mbaazi na korosho, na ongeza kalisi kwa maziwa, ufuta na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Madafu na maji yanatosha kurudisha kilichotoka kwa jasho. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa, na kahawa kali ipungue, kwa kuwa vyote huusukuma moyo ambao tayari unakimbia. Dawa za mafua za kufungua pua nazo zinaweza kuharakisha mapigo. Muulize mfamasia kabla ya kununua.

Mwani unahitaji maneno mawili. Kuulima, kama wanavyofanya wengi katika vijiji vya mwambao, si tatizo. Kuula au kunywa unga wake kama tiba ni tatizo, kwa sababu mwani hubeba iodini, na iodini ya ziada inaweza kuichochea tezi iliyokwisha kuharibika. Chumvi ya kawaida yenye madini joto haihitaji kuondolewa jikoni isipokuwa daktari aagize. Ule ushauri wa kula muhogo mbichi ili kuituliza tezi si tiba na unaweza kuleta sumu.

Kuhusu Ramadhani, mgonjwa ambaye homoni zake bado ziko juu anapoteza maji na nguvu haraka, na ana udhuru wa ugonjwa. Azungumze na daktari na shehe wake kabla ya mwezi kuandama. Aliyetulia anaweza kupangiwa dozi za futari na daku, na mazoezi yake yawe mepesi, saa moja au mbili baada ya futari.

Dalili za kusimama papo hapo

Simama ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kurukaruka, au pumzi kukatika kuliko kazi uliyoifanya. Homa kali pamoja na mapigo ya kasi sana, kutapika, kuharisha na kuchanganyikiwa ni dharura inayoweza kuua; mtu huyo apelekwe hospitali kwa bajaji, kwa gari, kwa chochote kilicho karibu. Kuna pia hali adimu ambapo mgonjwa, saa chache baada ya mazoezi makali au mlo mkubwa wa wanga, anaamka na miguu haiinuki. Chanzo chake ni potasiamu kushuka katika damu. Asitibiwe nyumbani kwa madafu. Anahitaji kupimwa damu na kuangaliwa moyo.

Ukipelekwa kwa tiba ya kudumu

Vidonge visipotosha, hubaki iodini ya mionzi au upasuaji. Tiba ya mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na jina la taasisi hiyo lisikutishe: kupelekwa huko hakumaanishi una saratani. Kwa siku kadhaa baada ya kunywa dawa hiyo utatakiwa kukaa mbali na watoto na wajawazito, jambo linalomhusu sana mwalimu wa michezo. Aliyefanyiwa upasuaji asinyanyue kitu kizito wala kucheza hadi daktari wa upasuaji amruhusu.

Kurudi kileleni kunawezekana. Gail Devers wa Marekani aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Graves mwaka 1990, akatibiwa kwa mionzi, miguu yake ikaharibika hadi kukaribia kukatwa, na mwaka 1992 akashinda mita 100 katika Olimpiki ya Barcelona. Wanaoshiriki mashindano yenye vipimo vya dawa wajue kwamba propranololi imepigwa marufuku katika baadhi ya michezo, ukiwamo wa kulenga shabaha, na kwamba vidonge vya prednisoloni, vinavyotumika wakati mwingine kwa macho ya Graves, vinahitaji kibali cha matibabu wakati wa mashindano.

Baada ya mionzi au upasuaji tezi mara nyingi huwa hafifu, na dalili hugeuka: mapigo ya asubuhi yanashuka, mwili unahisi baridi, uzito unaongezeka, misuli inakaza. Rudi kupimwa TSH na T4. Ukiandikiwa levothairoksini, yaani vidonge vya homoni ya thairoidi, imeze kwa maji matupu dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya asubuhi, na vidonge vya madini ya chuma au kalisi uviache mbali nayo kwa saa 4.